Theodora Alute na Mtawa wa Mtoni

Wifi yangu Theodora Alute alikwenda Thailand na mikono miwili akarudi nayo yote miwili, lakini kwa miezi kumi na moja baada ya kurudi hakumpa mzee yeyote mkono. Aliificha ndani ya kitenge kama mtu aliyeungua. Kwetu Itigi jambo hilo halipiti hivihivi. Mwanamke akikutana na mzee hupiga goti kidogo, husema shikamoo, na hutoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Asiyefanya hivyo ama anaumwa, ama alilelewa na mbuzi.

Mzee Urbano, ambaye hukaa benchi la mbele kanisani na hukumbuka kila aliyemsalimu na kila aliyempita, ndiye aliyeanza. "Binti wa Alute kapanda ndege mara moja tu, basi mikono yetu imeanza kumnukia." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana Theodora ni dada wa mume wangu na ninamjua. Huyu ni mtu aliyewahi kushuka kwenye baiskeli mara saba kati ya nyumbani na sokoni ili asalimie wazee saba. Majivuno hana hata ya kuazima.

Niseme kwanza ni mtu wa namna gani. Alizaliwa Ikungi, akaolewa Itigi, akafiwa na mume akiwa na watoto watatu, na watoto hao akawasomesha kwa nta. Huku kwetu wanaume ndio wanaokwea miti na kurina asali. Zamani wakishakamua walikuwa wanayatupa masega. Theodora akaanza kuyaokota. Aliyachemsha kwenye sufuria kubwa, akayamimina kwenye gunia, akalibana gunia kwa miti miwili mpaka limalize kutoa nta, kisha akaacha ipoe mpaka nta igande juu ya maji. Wanawake wengine wakamfuata, mimi nikiwa wa tatu. Leo sisi ni kikundi cha watu ishirini na sita na yeye ndiye mwenyekiti. Ukimpa kipande cha nta anakinusa, anaking'ata, anakwambia kilichemshwa na nani na kwamba huyo mtu hakuwa na subira.

Ni hiyo nta iliyompeleka Thailand. Shirika moja la wafuga nyuki lilituunganisha na wanawake wa wilaya moja ya huko, wilaya ya mashamba ya mpunga iliyokaa ukingoni mwa mto, yenye mahekalu ya Kibudha kila unakogeuka. Wanawake hao kila mwaka humimina mshumaa mkubwa, mrefu kuliko mlango, na kuupeleka hekaluni kabla ya msimu wa mvua. Waliomba waje watu wawili kutoka kwetu wakiwa na nta yetu, ichanganywe na yao. Tukamchagua Theodora, na wilaya ikamtoa Calist, bwana nyuki, kwa sababu anajua Kiingereza.

Aliporudi tulimpokea kwa ngoma. Tukakaa chini tukisubiri hadithi. Theodora akasema, "Mto ni mkubwa. Watu ni wazuri. Nta yetu ilipendwa." Akanyamaza. Majuma mawili, miezi miwili, hadithi haikuongezeka neno. Wanawake wa kikundi wakaanza kununa. Magdalena, ambaye haogopi mtu, alisema waziwazi kwamba kuna zawadi zimefichwa mahali. Nami, nisidanganye, nilianza kukasirika.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, Calist akaja na habari kwamba wageni kutoka Thailand watatutembelea mwezi wa sita wakati wa kurina. Kiongozi wao alikuwa mama Wandi, yule aliyemlaza Theodora nyumbani kwake. Tulipiga vigelegele. Theodora akainuka, akasema kichwa kinamuuma.

Siku mbili kabla ya wageni kufika nilimkuta chumbani anafunga begi.

"Unakwenda wapi, wifi?"

"Ikungi. Dada yangu anaumwa."

"Dada yako nimeongea naye kwenye simu asubuhi hii. Yuko shambani anapiga alizeti na kuimba."

Akakaa juu ya begi. Nilidhani atanifokea, maana hasira zetu sisi wawili zinajuana. Badala yake machozi yakamtoka, makubwa, bila sauti.

"Dorkas," akasema, "mimi nilimfukuzisha mtu wa Mungu."

Ndipo akaniambia.

Nyumba ya mama Wandi, alisema, imesimama juu ya nguzo ukingoni mwa mto, na ina ngazi ya mbao inayoshuka mpaka majini. Kila alfajiri mtawa mmoja mzee alikuja kwa mtumbwi mdogo, akipiga kasia peke yake, amevaa shuka la rangi ya manjano ya binzari, bakuli kubwa mbele ya magoti. Alipita nyumba hadi nyumba. Wanawake walimsubiri kwenye ngazi na wali wa moto, na ndicho chakula alichokula siku ile, maana watawa wao hawapiki. Theodora alipenda jambo hilo kupita yote aliyoyaona. Mzee anakuja kwako, hasemi neno, unamlisha, anaenda.

Calist alikuwa amemwonya siku ya kwanza. Mwanamke hamgusi mtawa. Hampi hata kitu mkononi, anakiweka kwenye bakuli au juu ya kitambaa. Theodora alilishika hilo neno. Siku tisa alisimama nyuma ya mama Wandi akitazama tu. Siku ya kumi mama Wandi akampa yeye wali, ikiwa heshima kwa mgeni.

"Nikashuka mpaka ngazi ya mwisho. Nikapiga goti. Nikaweka wali kwenye bakuli vizuri kabisa. Halafu yule mzee akainua uso akanitazama. Dorkas, uso wake ulikuwa uso wa baba yangu. Ni mzee, ananitazama, na mimi sijamsalimu. Sijui ilikuwaje. Goti lilikuwa limeshapigwa. Mdomo ukasema shikamoo, na mikono ikaenda yenyewe."

Aliushika mkono wa mtawa kwa mikono yake yote miwili, kama tunavyowashika wazee wetu. Na mkono aliouchukua ndio uliokuwa umeshika nguzo ya ngazi kuuzuia mtumbwi usiondoke. Kwa hiyo mtumbwi ukaanza kwenda. Kifuniko cha bakuli kikatumbukia majini. Wanawake walioko juu wakapiga yowe. Theodora akabaki amemshika mtawa, mtumbwi unavuta huku, yeye anavuta huku, na ndipo akakumbuka aliloambiwa na Calist. Akaachia ghafla. Mzee akaondoka na maji, kinyumenyume, bila kifuniko, mpaka akalipata kasia lake.

Nilitaka kucheka. Mungu anisamehe, nilitaka kucheka mno. Nilipomtazama usoni kicheko kikanifia kooni.

"Jioni ileile," akasema, "nikamwona anashuka kutoka hekaluni na mkeka wake, na mwavuli, na furushi la nguo. Akaingia kwenye mtumbwi akapelekwa upande wa juu wa mto. Asubuhi akaja mtawa mwingine, kijana. Na kesho yake yuleyule kijana. Siku ya kupeleka mshumaa nilitazama watawa wote waliokaa mstarini, uso kwa uso. Hakuwepo. Walimfukuza, Dorkas. Mzee wa miaka ile, kwa ajili ya mkono wangu."

"Uliuliza?"

"Nilimuuliza Calist. Akasema mambo ya dini ya watu tusiyachokonoe."

"Na mama Wandi?"

"Ningemuuliza kwa lugha gani? Na kwa macho gani? Kila nikimtazama anatabasamu. Wale watu hutabasamu wakifurahi, hutabasamu wakiona haya, hutabasamu ukimwaga chai. Sikujua nililopewa mimi ni tabasamu lipi."

Alikwisha kuungama kwa Padri. Padri alimwambia si dhambi. "Lakini Padri hakuwepo pale kwenye ngazi," akasema Theodora, "hakumwona yule mzee anavyokwenda kinyumenyume." Ndiyo sababu aliamua mikono yake haitamshika tena mzee wa mtu. Na ndiyo sababu alikuwa anakimbilia Ikungi, asikutane uso kwa uso na mama aliyemkaribisha nyumbani, akaaibishwa kwa jirani zake na mgeni wake.

Nikamwambia mawili. La kwanza, kwamba mtu hakimbii mgeni aliyemlaza kitandani kwake. La pili sikumwambia, nililifanya tu. Nilichukua lile begi nikalifungia kwenye ghala langu la mtama, na ufunguo nikautia kifuani.

Wageni walifika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Tulikuwa tumejipanga mbele ya banda letu la kuchemshia nta, vitenge vya sare, sufuria zimesuguliwa mpaka zinaumiza macho. Nilimweka Theodora mstari wa mbele na mimi nikasimama nyuma yake, mahali ambapo asingeweza kurudi hata hatua moja bila kunikanyaga. Mzee Urbano naye alikuja, ingawa hakualikwa, na akapewa kiti.

Kwenye gari walishuka wanawake wawili na Calist. Mmoja alikuwa wa makamo, mkalimani wao. Wa pili alikuwa mama Wandi. Umri wake sabini na moja, kama tulivyojua baadaye, nywele fupi nyeupe zote, mwili mdogo. Aliangaza macho mpaka akamwona Theodora. Akaja moja kwa moja, akawapita diwani na mtendaji wa kijiji waliokwisha kunyoosha mikono. Alipofika mbele ya wifi yangu akapiga goti. Akatoa mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko. Akainamisha kichwa chake cheupe, akasema kwa sauti ya mtu aliyejifunza njia nzima:

"Shikamoo."

Mama wa miaka sabini na moja anamwamkia mwanamke wa miaka hamsini na sita! Kwetu hilo hata kwa mzaha halifanywi. Mkubwa akikuamkia unatamani ardhi ikumeze. Nyuma yangu nilimsikia Magdalena akiingiza pindo la kitenge mdomoni ili asicheke. Mzee Urbano akasema jambo kwa Kinyaturu ambalo sitaliandika.

Ni wazi mama Wandi alikuwa amemwona Theodora akifanya hivyo kule kwake, ngazini, na kwa wazee wengine kabla ya siku ile. Akadhani ndivyo watu wetu wanavyosalimiana wote. Hakuna aliyemwambia kwamba salamu hii hupanda tu, haishuki.

Nilimwona Theodora mgongoni akikakamaa. Angeweza kusema hapana mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Adabu ilimtaka aseme hivyo. Lakini hapo bibi wa watu, aliyesafiri siku mbili akilirudia neno moja, angeaibika mbele ya watu mia. Theodora akatoa mikono ndani ya kitenge. Yote miwili. Akaupokea ule mkono mdogo, akaushika.

"Marahaba, mama," akasema.

Wala hakuuachia. Baadaye aliniambia kwamba hapohapo, mkono wa mama Wandi ukiwa mikononi mwake, aliuona tena uso wa mtawa. Yule mzee angeweza kuunyakua mkono wake. Alikuwa na nafasi, maana mtu akishikwa asipotaka huvuta. Hakuvuta. Aliiachia nguzo, akaacha mtumbwi uende, akaacha kifuniko kizame, na mkono akauacha mahali ulipo mpaka mgeni amalize kusalimu. Alikuwa amefanya kilekile ambacho Theodora ametoka kukifanya. Alimpokelea salamu yake iliyokosewa, yote, ili asiaibike.

Basi wifi yangu akapata nguvu aliyoikosa miezi kumi na moja. Hakungoja hotuba ya diwani.

"Calist, muulize yule mtawa mzee yuko wapi."

"Mama, tuna ratiba hapa," Calist akasema, akionyesha karatasi.

"Calist."

Calist akakunja karatasi. Swali likaenda kwa Kiingereza kwa yule mkalimani, likaenda kwa Kithai kwa mama Wandi. Mama Wandi akashangaa. Akajibu maneno mengi, akionyesha kwa mkono kama mtu anayeelekeza njia. Maneno yakarudi kwa mkalimani, yakarudi kwa Calist. 

"Anasema yupo," Calist akasema. "Anauliza kwa nini asiwepo."

"Mwambie nilimwona akiondoka na mkeka wake."

Ikaenda, ikarudi. Safari hii Calist mwenyewe alianza kutabasamu kabla hajasema.

"Anasema anaondoka kila mwaka. Watawa wao mvua ikianza hukaa hekalu moja miezi mitatu, hawaruhusiwi kuhamahama. Sasa kule juu ya mto kuna kijiji alikozaliwa yule mzee, na hekalu la huko lina watawa wanne tu. Mvua zikiisha kuna sherehe ya kupewa mavazi mapya, na wakiwa pungufu ya watano sherehe haiwezi kufanyika. Kwa hiyo yeye huenda kuwa wa tano. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Mvua zikiisha anarudi. Anasema hawakukwambia kwa sababu kule kila mtu anajua, hata mbwa wa pale ngazini."

"Na mkono?" Theodora akauliza. "Mkono niliomshika?"

Mama Wandi aliposikia swali hilo alifunika mdomo kwa kiganja akacheka mpaka mabega yakaruka. Kisha akaona Theodora hacheki, akaacha. Akaongea polepole.

"Anasema kosa liko kwenye nia," Calist akafasiri, "na nia yako mzee aliiona. Anasema kule juu ya mto mzee aliwasimulia wenzake kwamba alishikwa na mama mmoja kutoka Afrika kama mtu anayeuzuia mtumbwi usiondoke, na kweli, alipoachia tu ukaondoka. Kifuniko walikipata maji yalipopungua. Na alipojua mama Wandi anakuja huku, ametuma kitu."

Mama Wandi akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa. Ndani yake palikuwa na donge la nta, dogo kama ngumi, jeusi upande mmoja kwa moshi. Ni kisiki cha ule mshumaa. Uliwaka miezi yote mitatu ya mvua, na mzee aliporudi aliomba kilichobaki kisitupwe. Theodora akakinusa. Akaking'ata pembeni, mbele ya diwani na kila mtu.

"Yetu imo," akasema.

Halafu akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na sare yake mpya. Alilia na kucheka pamoja, mikono imetupwa mapajani, wazi. Mama Wandi naye akakaa chini kando yake. Diwani hakujua aangalie wapi. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira, nikimhesabia miezi kumi na moja ya bure ambayo swali moja lingeimaliza, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Alipoweza kusema, Theodora aliinua uso akanitafuta.

"Wifi, nina njaa," akasema. "Kuna ugali?"

Alikula ugali na mlenda na kuku nusu. Wageni walikaa nasi siku sita. Na siku zote sita mama Wandi aliwaamkia watu. Alimwamkia Magdalena, akawaamkia wachuuzi wa vitunguu, akawaamkia wanafunzi wa darasa la pili waliokuwa wanatoka shule, mmoja mmoja, goti chini. Theodora alikuwa ametangulia nyumba hadi nyumba. "Akikuamkia, itikia. Atakayecheka, atakayemsahihisha, nta yake sitaipokea tena." Basi Itigi yote ikaitikia. Mjukuu wangu Asnath ana miaka minne. Aliamkiwa na bibi wa nywele nyeupe, akamtazama Theodora, akameza mate, akasema marahaba kwa uso mkavu kama wa hakimu.

Hadithi ya safari nayo tukaipata, yote, kwa jioni tatu mfululizo. Kuhusu zawadi, Magdalena aliomba radhi kwa kuleta jogoo.

Jumapili baada ya wageni kuondoka, Theodora alimkuta Mzee Urbano mlangoni mwa kanisa. Akapiga goti. "Shikamoo, baba." Akautoa mkono na mwingine akauongeza juu, akaushika mkono wa mzee kwa yote miwili. Mzee Urbano akaitikia, akasubiri. Kengele ikapigwa. Watu wakaingia wakitupita.

"Binti Alute," mzee akasema, "niachie basi, misa inaanza."

"Nikikuachia utaondoka na maji," akasema wifi yangu, na akaendelea kumshika.